Adapta ya Mama wa Iguhu

Wiki iliyopita, katika duka la vipuri vya umeme hapa Kakamega, mama mmoja kutoka Iguhu aliweka adapta iliyoungua juu ya kaunta. Ilikuwa ya mashine yake ya kuangulia mayai, na mayai yalikuwa yamebakiza siku tatu yaanguliwe.

"Nipe ya volti ishirini na nne, ipashe joto upesi."

Fundi, msichana mwenye miwani, alisoma kibandiko. "Mama, hii ni ya kumi na mbili. Ukizidisha volti utachoma mashine. Ampea zikizidi si neno, mashine inachukuanga zile inahitaji tu."

"Kama obusuma, huu ugali wetu, mezani? Kila mtu anamega kiasi chake?"

"Hivyo hivyo, mama."

Aliipima adapta mpya kwa mita, ndipo akamkabidhi.

Nami, mteja niliyekuwa nikingoja kando, nilitabasamu kama mjuzi. Nyumbani nikaigeuza adapta ya redio yangu inayonguruma: volti kumi na mbili. Redio yenyewe inataka tisa.

Jana nilirudi dukani, adapta hiyo mfukoni. Fundi alisema vifaranga wametoka salama, kisha akaniangalia juu ya miwani: "Na wewe mzee, umechoma nini?"