Moshi wa Dameski

Kabla sijasema lolote kuhusu marashi yale, niseme kosa langu. Nilipokuwa kidato cha kwanza, siku ya wazazi, mama alikuja shuleni na kibuyu cha maziwa lala. Msichana mmoja akafunika pua, akauliza nani amewasha jiko. Nikamvuta mama pembeni, nikamwambia siku nyingine asije, amtume baba. Hakuuliza kwa nini. Hakukanyaga tena shuleni hadi nikamaliza, na mimi kwa ukaidi wangu sikumwomba radhi. Kila nikikumbuka najichukia.

Mama alinuka moshi kwa sababu ya kazi. Huko kwetu, ng'ambo ya mji mdogo wa Kyumbi, hakukuwa na mkono kama wake wa kufukiza vibuyu. Alichagua kijiti cha mti anaoujua mwenyewe, akakichoma hadi kikawa kaa jekundu, akakisukuma ndani ya kibuyu, akatikisa, akapangusa, akanusa, akarudia. Maziwa yaliyolala humo hayakuharibika upesi, na ladha yake watu waliikumbuka. Wanawake walimletea vibuyu vyao hata kutoka mbali.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nashona katika kiwanda kimoja cha nguo, nimepanga chumba Mlolongo. Msimamizi wetu alikuwa mama wa Kipwani, na alipopita kati ya cherehani vichwa viliinuka kwa marashi yake. Kwanza lilikuja waridi, zito, karibu liwe jamu. Ukidhani umeshalijua, unafuata moshi wa ubani, mkavu, wa taratibu, unaolishika lile ua lisitoroke. Nimenusa marashi mengi ya dukani yanayopiga kelele saa moja kisha yanakufa. Haya jioni bado yalikuwa kwenye koti lake. Kizuri chajiuza, wala yeye hakuhitaji kujisifu.

Siku moja nikajikaza nikamuuliza.

"Yametungwa kwa kuukumbuka mji wa kale, Dameski," akasema. "Bustani zake na nyumba zake za ibada, zote kwa pamoja. Waridi peke yake, mwanangu, ni sukari tu. Lazima lifukizwe."

Lifukizwe! Neno lile lilinisimamisha na kitambaa mkononi. Mwaka mzima nilikuwa nausifu, kwa mama wa watu, ufundi ule ule niliouonea haya kwa mama yangu. Mkataa kwao ni mtumwa, na mimi nilikuwa mtumwa mwenye cherehani.

Alipoacha kazi aliniachia chupa yake, imebaki robo. Jumamosi hiyo hiyo nikaipeleka nyumbani, nimejiandaa kusema yote. Mama alikuwa jikoni. Nikamwambia jina la mji, nikamdondoshea tone moja mkononi. Dameski yeye aliisikia kanisani tu, kwa hiyo alifumba macho kwanza, kwa heshima. Kisha akanusa kama anavyonusa kibuyu, mara karibu, mara mbali.

"Kuna walidi," akasema, maana herufi ya r na ndimi za huko kwetu hazijawahi kupatana. "Lakini huyu mtu anajua moshi. Hakuhalakisha. Alichoma mti gani?"

"Ni ubani, mama. Utomvu wa mti."

"Si ndio nasema, mti."

Akanusa tena, muda mrefu, akifurahi waziwazi, fundi aliyekutana na kazi ya fundi mwenzake. Furaha yake ikanipa ujasiri wa kijinga, nikaanza kwa mzaha. "Huko kiwandani kila mtu anatamani kunukia moshi huu."

Akafungua macho.

"Kwa hivyo moshi ya watu ni mzuli," akasema polepole, bila hasira. "Yangu ndio ilikuwa mbaya."

Hotuba yote niliyoiandaa ikaniponyoka. Nililia, nikamwambia nisamehe mama, nilikuwa mjinga, wako ndio mzuri. Yalikuwa maneno machache kuliko niliyokusudia, na yalichelewa miaka mingi.

Mama akainama kwenye mafiga, akatoa kijiti kilichokuwa kikifuka, akanielekezea upande usio na moto. Hakuwahi kunifundisha kazi ile, kwa sababu nilikuwa nalikimbia jiko lake.

"Shika," akasema. "Lakini ujue nguo yako itanuka."

"Inuke, mama," nikasema, nikakishika.