Jumanne Niliyojua Kuteleza

Siku ya kwanza kazini nilianguka mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Kazi yenyewe ilikuwa Dubai, kwenye ukumbi wa barafu ndani ya jengo la maduka, nami nilitoka Nabuyoga, Tororo, ambako barafu niliyoijua ni ile ya kupozea soda sokoni. Msimamizi wa Barafu, Mfilipino mfupi asiyecheka, alinitazama nikijizoazoa, akasema, "Mzee, usishindane nayo. Kunja magoti kidogo, ndipo itakubeba." Mzee! Nilikuwa na miaka arobaini na minane tu.

Ninyi vijana mnaosema nilikuwa nauza barafu ughaibuni, leo mkome. Nilikuwa naitunza. Chini ya sakafu hupita mabomba ya kupoza, na kila baada ya saa moja na nusu watu hutolewa, gari la barafu likaingia. Tumboni lina kisu cha kukwangua sehemu iliyochubuliwa na viatu vya vyuma, na nyuma lina kitambaa kipana cha kupaka maji mapya. Maji hayo ni ya moto. Nilibisha siku nzima! Msimamizi akanieleza kwamba maji baridi huganda na mapovu, barafu ikawa dhaifu; ya moto huyeyusha kidogo ile ya chini, yakashikana nayo. Miaka miwili nilishika koleo na ufagio. Wa tatu akanipa ufunguo wa gari.

Jumamosi hadi Alhamisi ilikuwa kazi. Jumanne, kabla ya wateja kuingia, wafanyakazi tuliruhusiwa kuteleza saa moja bure. Ijumaa asubuhi tulicheza mpira kwenye mchanga nyuma ya mabweni, Waganda na Wakenya wa mpakani timu moja, tukigombana kwa Kiswahili na Kisamia mpaka wapinzani wakasimama kututazama. Mimi nilikuwa kipa, na nilifungwa sana. Baada ya mpira nilimpigia mama.

"Barafu imekuangusha mara ngapi wiki hii?" angeuliza.

"Hata mara moja, mama."

"Wee! Mwongo mkubwa." Kisha angecheka mpaka akohoe.

Mwaka wa saba mama akaugua, na simu ikawa inashikwa na mdogo wangu Othieno. Nikaenda kwa Meneja wa Ukumbi kuomba likizo. "Mwisho wa mwezi tuna mashindano, na dereva wa gari ni wewe," akasema. "Hali ya mama ni mbaya sana? Kama ni mbaya, nenda leo." Nikampigia Othieno palepale.

"Mama iko sawa," Othieno akasema. "Dawa inamsaidia. Wewe fanya kazi, usiogope."

Nikabaki. Jumanne iliyofuata, kwa mara ya kwanza, niliteleza kinyumenyume nikazunguka ukumbi mzima bila kuanguka. Mwenzangu akanipiga video, nikicheka meno yote nje. Mchana nikaituma kwa Othieno: "Mwonyeshe mama." Jioni shemeji, mke wa Othieno, akajibu: "Ameona. Amecheka sana." Nilifurahi wiki nzima.

Mashindano yalipokwisha nikapewa likizo. Nilishuka ndege upande wa Kenya, nikavuka mpaka wa Busia kwa miguu, na upande wa Uganda nikawakuta Othieno na katekista na baba zangu wadogo wanne, wote wamevaa makoti. Nani hupokelewa na wazee sita kwa jambo la heri? Nikauliza, "Mama yuko wapi?" Katekista akanishika mkono.

Kaburi lilikuwa limeshaanza kuota nyasi. Walimzika Jumanne ile. Video yangu iliingia wakati wanashusha sanduku, simu ikalia mfukoni mwa Othieno.

"Ndiyo desturi, kaka," alisema. "Mtu iko mbali, peke yake, haambiwi msiba. Nani angekushika?"

"Mficha maradhi, kilio humfichua," nikamjibu. "Umeninyima kumzika mama yangu." Sikumsemesha tena. Nilirudi kwenye gari langu la barafu mpaka magoti yakakataa, nikastaafu nikarudi Nabuyoga, na bado sikumsemesha, ingawa ua wetu ni mmoja.

Mwezi uliopita jirani yetu alifariki. Binti yake, Akoth, anafanya kazi ya nyumbani kule kule Arabuni, na ukoo ulikubaliana asiambiwe mpaka afike. Akanipigia mimi. "Baba mkubwa, wote wananizungusha. Wewe huwezi kunidanganya. Baba yuko?"

Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo miaka mingi. Nikamwambia ukweli, tena kwa kujivuna, Mungu anisamehe.

Akoth alipiga ukelele mmoja. Nikasikia kitu kikivunjika, mtoto wa mwajiri wake akilia, na mwanamke akifoka kwa Kiarabu. "Akoth! Akoth, mwanangu!" Nilinyoosha mkono wangu, mpumbavu mimi, kana kwamba ungefika. Simu ikakatika, na nilipopiga tena haikupokelewa.

Nikavuka ua. Othieno alikuwa ameketi mlangoni anapukuchua mahindi.

"Nimemwambia Akoth," nikasema. "Yuko peke yake kule."

Othieno akasukuma ungo kando, akanivuta niketi karibu naye, na hakuniachia mkono. Ndipo nikamlilia mama.