Vigelegele Nyuma ya Kikapu cha Wageni

Kabla ya msimu ule, mpira wa kikapu kwangu ulikuwa kelele ya televisheni kwenye chumba cha kusubiri daktari wa meno. Siku hizi ukiniuliza nani alikuwa anaongoza ligi ya vyuo vidogo vya upande wetu mwezi wa Januari, nitakujibu, tena nitakujibu zaidi ya ulivyouliza, mpaka utafute kisingizio cha kuondoka. Watoto wangu wameshazoea. Mmoja alimwambia mwenzake kwa Kiingereza, akidhani sisikii, kwamba Mama ameingia dini nyingine.

Aliyeniingiza ni jirani yangu, mama Mkongo wa ghorofa ya juu yetu hapa Takoma Park, Maryland, Marekani. Tulijuana kanisani, lakini urafiki wenyewe ulianzia kwenye chumba cha kufulia nguo chini ya jengo letu, ambako ni mashine moja tu inayokausha kweli na wengine wote tunaisubiri. Mwanawe wa pekee alikuwa mwaka wa pili, ambao ndio wa mwisho, katika chuo kidogo huko Virginia, mbele kidogo ya Annandale, na alikuwa kwenye timu ya kikapu ya wanaume. Mechi za nyumbani huwa Jumamosi mchana. Na huyu mama, kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili, hulala kazini katika mji wa Columbia, kwa bibi mmoja mzee asiyeweza kuachwa peke yake. Msimu mzima wa kwanza ulipita hajamwona mwanawe akicheza hata mara moja.

"Siku ya posho weye uko bure," aliniambia, akikunja shuka. Kwao Jumamosi ni siku ya posho. "Wende uniangalilie mtoto yangu, kisha unielezee."

Nikamwambia mimi sijui lolote kuhusu mpira. Akasema hajaniuliza habari za mpira.

Basi nikaenda. Ukumbi ulikuwa mdogo, unanuka bisi na viatu, na ubao wa matokeo ulikuwa na taa moja iliyokufa, hivyo nane ilifanana na sita na ulilazimika kukumbuka mwenyewe. Kijana wetu hakutoka kwenye benchi. Mchezo ulipokwisha nilikaa ndani ya gari nikamtumia mama yake ujumbe wa sauti: mwanao amekaa vizuri, mgongo wima, amewapa wenzake maji, na kwa kupunga taulo hakuna aliyemfikia. Akanijibu kwa kicheko kirefu, halafu akauliza kama alikuwa amevaa soksi nzito.

Nilidhani nimemaliza kazi yangu. Jumamosi iliyofuata nikajikuta niko kwenye barabara kuu ya Beltway tena, naendesha haraka kuliko inavyompasa mama wa kanisa. Sijui ni nini kilinishika. Labda ni kwamba wiki nzima huwa ninaongea polepole na wagonjwa kazini kwangu, kwa sauti ya chini, na pale kuna watu wazima wamelipua mapafu yao kwa sababu mpira umegonga chuma. Nilianza kusoma msimamo wa ligi kwenye simu nikiwa kwenye taa nyekundu. Nilinunua kofia ya sufu ya timu, rangi ya damu ya mzee, nikaivaa hata kanisani. Nilimsema refa kwa Kiswahili, kwa raha zangu, kwani nani angenishtaki? Pembeni yangu alikuwa akikaa mzee mmoja Mmarekani, mstaafu wa posta, asiyekosa mechi. Aliniambia baadaye kwamba mwanzoni alidhani ninaomba.

Halafu siku moja kocha akamwingiza kijana wetu. Alikimbia huku na huku kama mtu anayetafuta mlango, akachezewa rafu, akapewa ile mipira miwili ya kurusha peke yake, wengine wote wamesimama wanamtazama. Sasa mimi nimezaliwa Kakamega. Kwetu mtu wako akisimama mbele ya watu, awe bwana harusi, awe mtoto anayepokea cheti, hawezi kuachwa asimame kimya kana kwamba hana kwao. Nikasimama. Nikapiga kigelegele ambacho sijawahi kupiga tangu arusi ya dada yangu, kile cha kutoka tumboni.

Mpira ulipita juu ya kikapu, juu ya ubao, ukaenda kumgonga mpiga picha. Nikaona kijana amelegea, anahitaji kutiwa moyo. Kwa mpira wa pili nikampa kigelegele kirefu zaidi. Huo nao haukugusa hata wavu. Ukumbi mzima ukageuka kuniangalia, na kijana mwenyewe akajifunika uso kwa jezi.

Yule mzee wa posta akaniinamia kwa adabu nyingi. Akanieleza kwamba hapa mtu wenu akirusha, mnanyamaza, apate kutulia. Kelele ni za mtu wao. Nilikasirika, nisiseme uongo. Yaani mgeni ndiye anayeshangiliwa na wa kwenu anaachwa na upweke wake? Hayo ni malezi gani? Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Akasema kama nina hiyo sauti, basi kipindi cha pili nikakae nyuma ya kikapu kile wageni watakachokuwa wanarushia.

Wacha nikwambie, hapo ndipo msimu ulipoanza.

Jumamosi iliyofuata nilikuja na wanakwaya watatu, moja kwa moja kutoka mazoezini, wamevaa vitenge na majaketi makubwa ya baridi juu yake. Tukakaa nyuma ya kikapu, wapole, tunapitishiana njugu. Jamaa mmoja wa timu ya wageni, mrefu ajabu, akaja kurusha. Akapiga mpira chini, akavuta pumzi, akainua mikono, na sisi tukaachilia vigelegele vinne kwa mpigo. Ule mpira sijui alikuwa anamtumia nani. Mpira wa pili ukawa vilevile. Ukumbi ukalipuka, watu wanatupungia mikono, mzee wa posta amesimama juu ya benchi kwa magoti yake mabovu.

Refa akasimamisha mchezo, akaja mpaka tulipokaa. Filimbi za mashabiki haziruhusiwi, akasema, tafadhali mwenye nayo aitoe. Tukamwambia hatuna. Akasema ameisikia kwa masikio yake. Ikabidi sisi wanawake wanne wa Mungu tufungue vinywa mbele ya umati ili akague, na soprano wetu akatoa ulimi akamwonyesha jinsi unavyokwenda, taratibu kwanza, kisha kwa kasi. Refa alirudi nyuma hatua mbili. Alitikisa kichwa, akaenda zake, na nikaona mabega yake yanatingishika kwa kicheko.

Yote hayo nilimsimulia jirani yangu kwa ujumbe wa sauti. Alikuwa akiusikiliza akimpikia bibi wake supu, na bibi naye alikuwa akitaka kujua kile kicheko ni cha nini, hivyo akatafsiriwa. Kufikia Februari walikuwa mashabiki wawili kule Columbia ambao hawajawahi kuona mechi.

Timu nne za juu ndizo huenda kwenye mashindano ya kufunga msimu. Sisi tulifika mechi ya mwisho tukiwa wa tano, na tunaocheza nao ni wa nne. Ukishinda unaendelea, ukishindwa unarudisha jezi. Wengine wa timu walikuwa na mahali pa kwenda kuendelea na mpira. Kijana wetu hakuwa na pa kwenda. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea upigaji eksirei, jambo zuri sana, na mama yake alilia kwa furaha, lakini kikapu kingeishia pale. Tukipoteza, basi mama huyu atakuwa amemlea mchezaji ambaye hajawahi kumwona akicheza.

Hakulalamika. Alikuwa akikunja jezi ya mazoezi ya mwanawe kule chini kwenye mashine, akailainisha kwa kiganja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Jumamosi utaenda wewe," nikasema. "Mimi nitakaa na bibi wako."

Maneno yalitoka kabla kichwa hakijakubali. Yeye alinikumbatia, akampigia simu binti wa bibi kuomba ruhusa, akapewa, na mimi nikapanda ngazi kwenda kwangu nikiwa na hasira ambayo sikuwa na wa kumpa. Mechi ya mwaka. Kofia nimenunua mimi. Refa amekagua kinywa changu mimi. Nilikaanga vitunguu mpaka vikaungua.

Nilimpa masharti, lakini. Kila tulipokutana nilimkumbusha: mwanao akirusha, nyamaza, wageni wakirusha, piga. Nilimfanyisha mazoezi palepale chumba cha kufulia, mimi nikiwa mchezaji na soksi iliyoviringishwa ikiwa mpira. "Nimesikia, mama," akasema. "Nitafunga kinywa kabisa."

Siku ilipofika wanakwaya walimpeleka kwa gari langu, kofia yangu kichwani mwake. Mimi nikawa Columbia, nimeweka simu mezani kwa sauti kubwa, katikati ya bakuli mbili za supu, bibi amevuta kiti karibu.

Ewe Mola, mtangazaji gani yule. Namuuliza matokeo, ananiambia mtoto amenyoa nywele. Namuuliza nani ana mpira, ananiambia kuna baridi mule ndani na mtoto ana shati lisilo na mikono. Lakini mimi si mgeni tena katika mambo hayo. Kwa kusikiliza ukumbi tu nilijua tunapigwa. Kelele zetu zilikuwa fupi na zinakufa haraka. Kipindi cha pili vigelegele vya wanakwaya vikaanza kuchoka, halafu vikaacha, na nikajua kwamba wageni wameshatuacha mbali sana. Nikasukuma bakuli langu kando. Bibi akanipapasa mkono.

"Kocha anamuita," simu ikasema.

"Anamuita nani?"

"Mtoto. Anavua ile koti ya mazoezi. Anaingia. Miye sioni vizuri, machozi iko mingi."

Ndivyo inavyokuwa: mchezo ukishapotea, kocha huwapa nafasi wale wa benchi. Nikamweleza bibi. Kukawa na viatu vinalia sakafuni, kisha filimbi, kisha jirani yangu akasema wamemwangusha, ameamka, amesimama peke yake na mpira.

"Nyamaza," nikamwambia. "Unanisikia? Nyamaza kabisa."

Akanyamaza. Ukumbi wote ukanyamaza. Halafu ikaja ile sauti ya watu wengi kushusha pumzi pamoja, ninayoijua vizuri. Amekosa.

Bado mmoja. Kimya kikarudi, bibi ameshika kijiko hewani, na ndani ya kimya kile, karibu kabisa na simu, kikapanda kigelegele. Mwanamke yule alikuwa amekaa nacho miaka miwili. Nilijifunika macho kwa mikono yote miwili. Kiliendelea, kikapanda, kikashuka, kikapanda tena, na mimi naiambia simu, dada, utamuua, dada, acha.

Wanakwaya ndio walionieleza baadaye. Kijana aliposikia alishusha mpira. Aliangalia juu kwenye viti akamtafuta mama yake mpaka akamwona, amesimama na kofia yangu. Akatabasamu. Akawa anadunda mpira polepole, anasubiri, na refa yule yule aliyetukagua amesimama pembeni naye anasubiri, hana haraka yoyote. Mama alipomaliza na kuvuta pumzi, kijana akarusha.

Mimi nilichosikia ni mlipuko. Ukumbi mzima, wetu na wao, na simu ikaanguka, ikaokotwa, na jirani yangu analia na kucheka kwa lugha tatu.

"Matokeo ni ngapi?" nikapiga kelele.

"Matokeo gani?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeruka kutoka kwenye kiti, supu imemwagika, ninacheza katikati ya sebule ya watu. Bibi alikuwa anapiga meza kwa kijiko, uso umemng'aa. Akaniuliza kama tumeshinda. Niliwaza ubao wa matokeo na ile taa yake iliyokufa, na jezi zitakazorudishwa Jumatatu.

"Sana," nikamwambia.