Bwana wangu aliivisha kamba ya michikichi kikwembe cha mwanamke mwingine

Wakuu, salamu kwenu wote, mlio macho na mliosinzia simu mkononi.

Hili ni langu mwenyewe, mimi bibi yenu wa karibu miaka tisini, sikusimuliwa na mtu. Atakayedhani naongeza chumvi asome mpaka mwisho, kisha tupatane.

Ni mji wa Baraka, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, miaka ya hamsini, Babeleji, yaani Wabelgiji, bado wanatawala. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi. Nauza mawese sokoni, na sabuni ninayoipika mwenyewe kwa mawese na maji ya majivu. Bwana wangu, Wilondja, kazi yake ni kupanda michikichi ya watu na kukata mikungu.

Kwa wasiojua: mpandaji anajizungushia kamba nene kiunoni, yeye na mti pamoja. Anaegemea nyuma, anaipandisha, anapiga hatua. Uhai wake wote uko kwenye ile kamba.

Sasa, kamba ya Wilondja ilikuwa na masharti kuliko mama mkwe.

Isilazwe chini, mchanga wa ziwa utaingia ndani ya nyuzi na kuzikata. Isianikwe juani. Isiwekwe karibu na ndakala, dagaa wetu wa kukausha, panya watafuata harufu. Isiguswe na mawese, itateleza. Na kwa kuwa mimi ndiye mwenye mikono ya mawese, nikaelewa ni nani hasa hatakiwi kuigusa.

Ilitundikwa ukutani, upande wa kitanda anakolalia yeye. Kila asubuhi anaikanyaga kwa mguu na kuivuta kwa nguvu kabla ya kutoka. Mimi aliniaga kutoka mlangoni.

Hayo ningeyavumilia. Kilichoniumiza ni kikwembe, kitenge kama mnavyoita wengine.

Kamba aliifunga ndani ya kikwembe cha buluu, chenye ndege, bado kizuri. Nikahesabu vyangu: viwili. Nikahesabu tena, huenda kimoja kilijificha. Viwili, na kimoja cha kanisani.

"Hii kikwembe ni ya nani?"

"Ya kamba."

"Na kamba iliinunua soko gani?"

Akacheka, akageukia ukutani, akalala. Akageukia kamba, ndivyo nilivyoona mimi.

Halafu kile kikwembe kilikuwa hakichafuki. Kinatoka, kinarudi kimefuliwa, na mfuaji si mimi.

Jibu nililipata sokoni, kwa Mama Etabo muuza chumvi, bila kuuliza.

"Dada, we unajua bei ya kila kitu hapa. Ya bwana yako ndiyo hauijue? Kikwembe ya kamba inafuliwa kwa ule mujane wa nyuma ya kanisa."

Bamama wote wakainamia biashara zao. 

Wakuu, wivu ule sikuwahi kuuona tena. Usiku mwanaume alikuwa analala katikati yangu na kamba, na sijui ninayemchukia zaidi.

Asubuhi moja, Wilondja alipokwenda kuoga ziwani, niliifungua ile kamba, nikaiacha uchi ukutani. Nikachukua kikwembe, moja kwa moja mpaka kwa mjane. Kama alikuwa na bwana wangu, mimi nilikuwa tayari kurudi kwetu Fizi siku ileile.

Nilimkuta anafagia ua. Mama Nyassa, mtu mzima, mkavu, si yule niliyemchora kichwani. Hilo lilinikera pia.

"Mama, nimekuletea kitu yako. Bwana yangu iko na bibi, na bibi iko na mikono ya kufua."

Hakubishana. Alikipokea, akakisugua kwa vidole, akakinusa.

"Inateleza. Hii iko na maji ya majivu. We ndiye unapika sabuni?"

"Hiyo inakuhusu nini?"

"Chungu ya majivu iko wapi, mutoto wangu?"

Nikamwambia: tangu mvua zianze nimekisogeza chini ya upenu.

"Upenu ya upande gani?"

 Upande wa kitanda. Ukuta wetu ni matete na udongo, maji ya majivu yanapenya mpaka inapotundikwa kamba.

"Bwana yangu alianguka na kamba yenye kwa macho ilikuwa nzuri," akasema. "Maji ya majivu ya sabuni iliikula ndani. Tangu siku ile mawese na sabuni yake haiingie hapa kwangu, nafuaka na maji tu. Ndiyo maana bapandaji banileteaka bitambaa yabo, na hiyo ya ndege nilimupa Wilondja mimi. Alikuficha sababu bibi ya mupandaji anaogopa kusikia jina ya mujane wa mupandaji. Sasa kimbia."

Nilikimbia. Nyumbani ukutani hapakuwa na kitu. Jirani akanicheka: bwana wako ametafuta kikwembe mpaka amechelewa, ameondoka na kamba hivyohivyo, hata kuivuta hakuivuta.

Shambani nilimkuta ameshapanda urefu wa watu wawili, mwenye michikichi anatazama.

"Shuka."

"We mama, watu banaangalia."

"Baangalie. Shika muti kwa mikono, usiegemee, shuka."

Sauti yangu nadhani ndiyo iliyomtisha. Alishuka ameukumbatia mti, kifua chote michubuko. Nikaichukua ile kamba kwa mikono yangu ya mawese, nikaikunja pale palipogusa ukuta. Ikafunguka kama muhogo uliochemka.

Wilondja alikaa chini. Mwenye michikichi akavua kofia.

Kamba mpya tuliifuata Kilembwe, msituni, sisi wawili. Nilinawa mikono kwa mchanga na maji mara mbili, nikaibeba mimi njia nzima. Alipotaka kunipokea nikamwambia angoje zamu yake.

Somo: kamba haiuliwi na mti tu, inauliwa na nyumba inakolala. Chunguzeni upande wa pili wa ukuta.

Na kwa Mama Nyassa kikwembe kiliendelea kufuliwa, ila mpelekaji nikawa mimi. Kumshukuru nilimshukuru. Kumwachia bwana akipeleke, hapana.

Wenye kunihukumu na wenye kamba zao, uwanja ni wenu.