Siku Nilipofunga Dumu la Bibi

Kuna watu pale chuoni mpaka leo wakiniona wanajifunika nyuso kwa mikono, eti wanajikinga na mvua, halafu wanacheka mpaka wanaegemea ukuta, na mimi nimeshazoea, nacheka nao. Lakini ngoja leo niwaambie ambacho wao hawakijui: povu silo lililoniaibisha (ingawa liliniingia mpaka masikioni). Kilichoniaibisha ni maneno manne niliyoyasema kwenye kipaza sauti baada ya povu, na hayo huwa yananijia nikiwa naosha vyombo peke yangu, nasonya kwa nguvu, majirani wanadhani nina ugomvi na masufuria.

Sasa, chuo chetu hapa Moshi (jina nalihifadhi, kimeshateseka vya kutosha) kila mwaka kina Siku ya Utamaduni. Wanafunzi tunajigawa kwa makwetu, kila kundi linavaa kikwao, linapika kikwao, kisha linapanda jukwaani kuimba wimbo mmoja wa nyumbani, na majaji wanatoa alama. Zawadi ni mbuzi, tena mbuzi mwenyewe hufungwa pembeni ya jukwaa tangu asubuhi ili kila mtu aimbe huku anamwona. Mwaka wangu wa kwanza mbuzi walimchukua Wasukuma, na kiongozi wao, kijana mmoja anaitwa Shija, alikaa mwaka mzima akinitania kila tukikutana kantini, "Nyie Wachagga mnajua kufungua maduka tu, koo hamjawahi kuzifungua."

Hilo liliniuma kuliko linavyostahili, na kwenye kikao cha kundi letu mwaka uliofuata nikasimama bila kuombwa, nikasema mwaka huu tutaimba wimbo wa kumkaribisha mgeni, ule wa bibi yangu wa Kibosho, nitaongoza mimi, na tutampa mgeni rasmi mbege ya kweli, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwenye kata, siyo juisi ya kuigiza kama mwaka jana. Watu wakapiga makofi. (Mimi nimezaliwa Soweto hapa mjini, Kichagga changu ni cha kuombea chumvi tu mezani, lakini makofi yakishaanza nani anakumbuka hayo.)

Kwa asiyejua, wimbo wenyewe unakwenda hivi: anayekaribisha anaimba huku ameshika kata ya mbege, anaonja yeye kwanza mbele ya watu ili mgeni aone hakuna ubaya ndani yake, halafu anapiga magoti na kumkabidhi, na wote wanaitikia. Bila mbege wimbo hauna maana. Na kwa mbege, bibi yangu, Bibi Felista, ndiye mwenyewe. Kule Kibosho hakuna komunio ya kwanza wala kishika uchumba cha maana ambacho hajaitwa kupika. Bibi hana cheo kingine duniani, hana shahada, mashamba ya kahawa ni ya marehemu babu, lakini mbege ni yake, na ukitaja jina lake watu wanameza mate.

Nikapanda Kibosho Jumamosi mbili mfululizo kujifunza wimbo. Bibi anaimba, mimi naandika kwenye simu, ananichapa kidogo mkononi, "Wimbo haukai huko, unakaa hapa," ananigusa koo. Alifurahi mno. Akasema siku hiyo atashuka mwenyewe na wamama wenzake wanne wa jumuiya, akiwemo mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa anaoa wiki inayofuata, na Bibi ndiye aliyekuwa amepewa kazi ya mbege ya harusi ile. "Waje waone mjukuu wangu," alisema, na mimi nikajiona nimeshamshika yule mbuzi pembe.

Siku yenyewe asubuhi nikaenda kuchukua dumu la lita kumi. Bibi akachuma jani la mgomba, akalipasha motoni likalainika, akauziba nalo mdomo wa dumu, akanikabidhi na kifuniko pembeni. Akaniambia, na alinishika mkono kabisa wakati ananiambia, "Resti, usifunge. Mbege hii bado inachemka yenyewe, lazima ipumue. Ukifika nayo hivi hivi na jani lake, umefika salama." Nikasema sawa, Bibi. Kila mtoto aliyekulia mlimani anajua hilo. Mimi nilikulia Soweto.

Bodaboda aliyenichukua alitazama lile dumu, akatazama shati lake. "Dada, hilo likinimwagikia mgongoni nanuka mpaka Jumatatu. Lifunge." Na barabara ile mnaijua, mashimo yanapokezana. Nami nilikuwa nimevaa kitenge changu kipya, nilichokishonesha kwa ajili ya siku hiyo tu. Nikatoa jani, nikalitupa kwenye migomba, nikakaza kifuniko mpaka vidole vikaniuma. Uamuzi wa sekunde tano, jamani. Nikajiambia nikifika tu nitafungua.

Nilipofika kuna dada wa kunisuka ananisubiri, kuna shanga zimekatika, kuna Eli, mpiga ngoma wetu, amesahau fimbo za ngoma bwenini, na dumu nikalisahau pembeni ya jukwaa, juani, karibu na spika. Saa tano Bibi akapiga simu, wako njiani. Swali lake la kwanza halikuwa mimi nimeamkaje. "Dumu linapumua?"

Nikageuka kulitazama. Lilikuwa limevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Na hapo ndipo ningeweza kujiokoa, ningekwenda nyuma ya jengo nikalifungua taratibu, lakini nilishavaa, nilishapakwa poda, nikaogopa kurukiwa. Nikasema, "Linapumua vizuri, Bibi."

"Aika," akanishukuru, akakata simu, na mimi nikameza uongo wangu ukapita vizuri tu.

Kundi letu likaitwa la nne. Mshereheshaji alikuwa nani? Shija. (Ndiyo, mshereheshaji na mpinzani ni mtu mmoja, chuo chetu ndivyo kilivyo.) Tukapanda. Jukwaa tulikuwa tumelipamba kwa masale, yale majani marefu ya kijani ambayo kwetu yanapandwa mipakani na ndiyo yanayobebwa kwenda kuomba msamaha, ila sisi tuliyaweka kwa sababu yanapendeza kwenye picha. Mgeni rasmi, mkuu wetu wa chuo, mama mmoja mwenye sauti ya upole lakini ukimwona anakuja unakumbuka kazi zote ambazo hujakusanya, akaletwa akae kwenye kigoda mbele yetu, na suti yake ya rangi ya maziwa. Bibi nilimwona safu ya tatu, kilemba kipya, wenzake kulia na kushoto.

Nikaanza kuimba. Na niseme ukweli, nilianza vizuri. Ubeti wa kwanza ukapita, wamama wa Kibosho wakaitikia kutoka kule walikokaa, uwanja mzima ukageuka kuwatazama, Eli akachangamka na ngoma, nikamwona Shija ameacha kutabasamu. Ubeti wa pili ndio wa kumimina. Eli akanisogezea dumu kwa mguu huku anapiga, akaninong'oneza, "Resti, mbona hili dumu limenona?" Nikapiga magoti, nikalikumbatia, nikakigusa kifuniko.

Kwanza lilisema ssss, kama nyoka. Nikazungusha robo tu. Kifuniko kikaniponyoka, kikaruka, kikagonga bomba la turubai, ngwaa, na mbege yote ya juu ikatoka kwa pamoja, povu na ulezi na maji, ikanipiga usoni, ikapanda mpaka kwenye turubai, ikashuka polepole juu ya suti ya rangi ya maziwa. Mbuzi, ambaye alikuwa ametulia tangu asubuhi, akakata kamba, akapita katikati ya ngoma za Wasukuma, akaangusha moja ikabiringika hadi mezani kwa majaji, kisha akatokomea upande wa Shirimatunda. Halafu uwanja ukalipuka kicheko ambacho naapa kilisikika mpaka kwenye theluji.

"Jamani, Mlima umeamka!" Shija anapiga kelele, machozi yanamtoka. Akanisogelea, akaniwekea kipaza sauti mdomoni. "Dada, tuambie, hii mbege kapika nani?"

Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kunyamaza, ulezi umenijaa puani, nani angenilaumu? Lakini mkuu wa chuo ananitazama, povu likimdondoka kwenye nyusi, na mimi nikatafuta mahali pa kuuweka mzigo haraka haraka, na mdomo wangu ukapayuka.

"Kapika bibi, siyo mimi!"

Na kile kipaza sauti kikafa pale pale, kimelowa, kana kwamba kilikuwa kinasubiri nimalize upumbavu wangu.

Watu wakacheka zaidi. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Bibi kapika bomu!" Nikatazama safu ya tatu. Wale wamama wanne walikuwa wamegeuka wote wanamtazama Bibi, na yule mwenye harusi alikuwa amekunja mdomo kama mtu anayejiuliza jambo. Bibi hakunitazama. Aliinama, akawa analainisha kitenge chake magotini kwa viganja, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kitenge ambacho hakikuwa na mkunjo wowote. Mwanamke ambaye amepikia watu tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Niliona aibu, jamani, siyo ya kuchekwa, ile nyingine, ya kujua umemtupia mwenzio kosa lako.

Sijui miguu ilipata wapi akili. Nikang'oa isale moja kwenye mapambo, tawi zima na shina lake, nikashuka jukwaani nikiteleza, nikapita mbele ya mkuu wa chuo bila hata kumwomba radhi (hilo nililipia Jumatatu ofisini kwake), nikaenda mpaka safu ya tatu nikapiga magoti kwenye vumbi, nikampelekea Bibi lile isale kwa mikono miwili. Kipaza sauti hakipo, kwa hiyo nilipiga kelele, kwa sauti ile ambayo kwenye mazoezi yote ilikuwa imegoma kutoka.

"Bibi aliniambia nisifunge! Nilifunga mimi! Akaniuliza kwenye simu, nikamdanganya! Mbege haina kosa!"

Kicheko kikakatika. Mnajua tena kwetu, isale likishaletwa halikataliwi, lakini hakuna sheria inayosema lipokelewe upesi. Bibi aliniacha pale magotini nikiwa nadondoka ulezi kwa muda ambao mimi niliona ni nusu saa. Halafu akalichukua. Akainuka, akanishika bega kujiegemeza, akatembea polepole mpaka jukwaani, akatazama ndani ya dumu. Ilikuwa imebaki robo. Akachota kwa kata, akaonja, akatulia, akampa yule mama wa harusi aliyekuwa amemfuata. Yule naye akaonja. Akaonja tena. Akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Jumamosi nataka madumu manane, Felista, ila huyu mtoto asiyabebe."

Hapo uwanja ulicheka upya, na safari hii Bibi mwenyewe alicheka, mpaka kilemba kikalegea. Kisha akanigeukia, akanigusa koo kwa kidole.

"Sasa imba."

Nikaimba. Bila kipaza sauti, kope zimegandana, kitenge kipya kinanuka kama klabu, na wamama wa Kibosho wakiitikia kwa nguvu mpaka Eli akapoteza mapigo. Mkuu wa chuo alipokea kata kwa mikono miwili, akanywa yote, akasema tu, "Mngenipa hivi tangu mwanzo." Tulipata nafasi ya tano. Makundi yalikuwa matano. Mbuzi alikamatwa jioni kwenye mahindi ya mtu, Wasukuma wakamchukua tena, na Shija akaniletea supu bwenini kwenye kikombe, kifuniko amekilegeza, "Nimekiacha kipumue."

Tangu siku ile sikazi kifuniko chochote. Chupa ya maji inanimwagikia kwenye begi, vitabu vinalowa, na mimi nasema heri. Na mtu akiniuliza jambo lililoharibika ni kosa la nani, nahesabu kwanza mpaka kumi kabla ya kutaja jina la mtu, maana povu nililioga likaisha siku ile ile, ila yale manne hayajatoka.

Na hata ningetaka yasahaulike, Bibi hakubali. Lile isale alirudi nalo Kibosho akalipanda mlangoni kwa jiko lake la mbege, mahali ambapo kila anayekuja kuagiza lazima apite, na limeota vizuri mno, sasa linanifika kiunoni. Nilipanda Jumapili iliyopita nikamkuta na mgeni, mama wa watu simjui, ananyoosha kidole anauliza, "Felista, mbona umepanda isale hapa mlangoni, kwani hapa ni mpakani?"

Bibi akavuta kigoda, akamwambia aketi kwanza.

"Hilo ni la huyu hapa," akasema. "Resti, msimulie mwenyewe."