Miguu ya Mjomba Bwawani

Mwenzangu wa bwenini akimenya balungi, mimi huacha kusoma. Harufu ya ganda lile hunirudisha Kisarawe, kwenye bwawa tulilokuwa tukilowekea muhogo.

Mjomba alikuwa amerudi kutoka kazi ya melini. Siku moja alisimulia barazani kwamba huko Ulaya, kwenye mashindano makubwa ya mataifa, aliwaona wanaume wakicheza mpira majini bila kugusa chini hata mara moja.

"Wanasimama," nikasema. "Mtu hawezi kurusha kitu bila kukanyaga mahali."

Baraza zima likacheka. "Haya, baharia! Mtoto kakuumbua!"

Mjomba hakucheka. Alichuma balungi, akaelekea bwawani, nasi sote nyuma yake. Aliingia mpaka maji yakamfika kidevuni. Ghafla akaibuka hadi kifuani, akalirusha balungi likapita juu ya vichwa vyetu na kuangukia mihogoni. Watu wakashangilia, wakamwita bingwa.

Alipotoka, mimi nilitazama miguu yake. Ilikuwa na tope hadi vifundoni. Lakini ukingo wote wa bwawa ulikuwa tope, na hakuna aliyewahi kutoka pale na miguu safi.

Wenzake walipotangulia, akaliokota balungi lililopasuka, akachuchumaa mbele yangu.

"Haya, bwana mdogo. Umeamini?"

Alikuwa bado anahema, akingoja jibu langu. Akanipa kipande cha kwanza. Kilikuwa kichungu kidogo. Nikakitia chote mdomoni, nikakitafuna polepole sana.