Iache Ipoe

Juzi, kwenye kituo cha mafuta mjini Nakuru, kijana mmoja alichomoa ufunguo wa gari lake la turbo, akashuka, na injini ikaendelea kunguruma yenyewe. Nilisimama pale mpaka ilipozimika.

Baba alikuwa na gari kama lile kwetu Bahati, na hakuna fundi aliyeruhusiwa kuligusa. Alasiri moja, nikiwa sijaanza shule, alimwaga oili chafu, akabadilisha plagi, kisha akaenda kulijaribu kwenye mlima wa Subukia. Aliporudi, boneti ilinuka oili moto na vumbi.

"Baba, si umetoa ufunguo? Mbona bado inanguruma?"

"Inapoa, mami; kuna kifaa kitakachoizima baadaye. Ukiizima ghafla, turbo itakufa. Iache ipoe kwanza."

Alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akasema kifua kinambana, akajilaza kwenye kochi. Nilikaa mlangoni nikifukuza kuku wasimsumbue.

Jioni mama alirudi kutoka shambani, akamgusa shingoni, akapiga yowe.

"Amepoa! Uuwi, amepoa!"

Mimi neno hilo nilikuwa nimelijua kwa uzuri wake tu. Nilitabasamu.

"Basi mama," nikamwambia, "sasa unaweza kumwamsha."